Nilivyompeleka Mama Kwao Nandumbo

Tangu turudi mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje huko milimani, nami nimekuwa nikijibu kwamba tulifika salama na tukarudi salama. Ni kweli, ila najua hilo silo mnaloliuliza. Mama mwenyewe hasemi, na kila mgeni anayekuja kumsalimia anaanza na swali hilohilo. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote, nyinyi shoga zangu wa vyerehani myasome na kupeana, ili yeye asiulizwe tena. Mkija nyumbani, ongeeni naye habari za hapa Lindi.

Rasbura hadi Mbwemkuru

Mnamjua mama kwa jina la Bi Mwanahawa, mjane wa fundi Salumu, asiyekosa darsa. Wachache wenu mnajua kwamba alizaliwa Mkatoliki katika milima ya Matumbi, huko magharibi ya Kilwa, na kwamba jina lake la ubatizo lilikuwa Theodora. Babu yangu, baba yake, alikuwa katekista wa Nandumbo. Baba alipanda huko akiwa kijana kwenda kuezeka zahanati, na zahanati ilipokwisha akashuka na mama. Mama alisilimu, wakafunga ndoa hapa Rasbura, tukazaliwa sisi. Hakurudi kwao. Kila aliposikia kuna mtu anakwenda upande ule alimfuata na kumpa salamu awapelekee: kwamba amejifungua, kwamba amehama nyumba, kwamba mumewe amefariki. Jibu halikuja hata mara moja; hata vifo vya wazazi wake alivisikia kwa wapita njia.

Mwaka huu, Idi ilipopita, alisema anataka kwenda. Miguu yake imevimba, mnaijua, na kutoka kitandani hadi uani ni kazi. Alisema hana anachokitaka kwa mtu isipokuwa kuliona kaburi la mama yake na kumwona mdogo wake Restituta, ambaye alimwacha akiwa kigoli. Kaka zangu walikataa katakata. Walisema watu wakikunyamazia umri mzima, kunyamaza huko ndiko majibu yao. Mama hakubishana nao. Alianza kukunja kanga zake na kuzipanga kwenye begi, na mimi nikaona nisipomchukua ataondoka peke yake.

Tulipanda basi la Dar asubuhi. Nilimweka dirishani, miguu juu ya begi. Kuanzia Mchinga alianza kuzungumza, na sijawahi kumsikia akizungumza vile. Aliniambia Nandumbo iko bondeni, milima imeizunguka kama watu waliokaa kula sinia moja. Asubuhi ukungu unajaa humo mpaka unaona paa la kanisa tu, kisha jua linaupunguza kidogokidogo, zinatokea kuta zake, halafu mto, na mwisho mashamba. Nyumba za watu ziko juu mabegani mwa milima, mbalimbali, kila ukoo na miteremko yake. Wao walikuwa na machungwa mteremko wa mashariki. Alinionyesha kwa kidole kwenye kioo cha basi, hapa kanisa, hapa kwetu, hapa tunateka maji, mpaka abiria wa mbele akageuka kuona anaonyeshwa nini.

Daraja la Mbwemkuru lilikuwa limesimamisha magari. Maji yalikuwa yanakaribia barabara, na askari waliruhusu gari mojamoja. Watu walishuka, wakanunua mihogo ya kuchoma, wakalaumu kila mtu wanayeweza kumlaumu. Mama alibaki amekaa. Alisema mvua hizi nzuri, machungwa ya huko yatakuwa na maji mengi.

Miteja

Tulipofika Miteja tuliambiwa basi haliendi mbele. Karavati lilikuwa limechukuliwa na maji, na mafundi walikuwa wanasubiri mvua ikatike. Wenye haraka walivuka kwa miguu wakitafuta gari upande wa pili. Mama asingeweza. Kondakta akatutelemsha pamoja na begi letu mbele ya kibanda cha mama lishe, akasema Mungu atatusaidia, kisha basi likageuza.

Mwenye kibanda aliitwa Mama Kulwa. Sitamsahau kwa wema wake. Alitupa ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, akamletea mama beseni la maji ya moto ya kukanda miguu, na jioni alipoona hatuna pa kwenda akatupeleka nyumbani kwake, nyuma ya kibanda. Tulikaa kwake mpaka karavati likapata njia ya pembeni. Mchana mama alimsaidia kuchambua mchele, na katika mazungumzo ikajulikana kwamba Mama Kulwa kaolewa Miteja tu, kwao ni milimani, kijiji cha pili kutoka Nandumbo.

Mama alifurahi mno. Mama Kulwa akamuuliza huko Nandumbo anakwenda kwa nani. Mama akajibu anakwenda kwa katekista Bonifasi, ingawa anajua mwenyewe ameshafariki.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi mtoto wake mkubwa. Theodora."

Mama Kulwa aliacha kuchambua. Akasema kwa adabu, kama mtu anayemsahihisha mkubwa na hapendi, kwamba pengine bibi amechanganya. Theodora wa katekista ni marehemu. Kaburi lake analijua, alipita mbele yake siku walipomzika mke wa katekista.

Nilimtazama mama nikidhani ataumia. Alicheka. Alisema bila shaka Restituta alizaa binti akampa jina la dada yake, na maskini binti huyo akafariki. Jioni ile aliniambia, amelala ananiangalia, "Kumbe walimrithisha mtoto jina langu." Alilirudia neno hilo mara kadhaa. Alilala akiwa na furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani ningekuwa na la kumwambia kabla hatujaendelea.

Kupanda Matumbi

Karavati lilipopitika, lori lilitufikisha Njia Nne, na hapo tukapata landkruza kuukuu inayopandisha abiria milimani. Barabara ile ni udongo mwekundu mtupu. Mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Kila penye mlima mkali dereva alisimama, wanaume wakashuka kusukuma, wanawake wakashuka kupunguza uzito, na mama peke yake akabaki ndani. Dereva alimwambia, bibi kaa, wewe ndiwe breki yetu.

Milima yenyewe ni mizuri, siwezi kuwanyima hilo. Si mirefu ya kutisha. Imebanana, mmoja unaishia mwingine unaanzia, na kila unapodhani umefika juu unaona mgongo mwingine mbele. Kuna miamba myeupe iliyotoboka mapango. Mama alipoyaona mapango alisema bibi yake alizaliwa katika pango moja la upande ule, wakati wa Majimaji. Wadachi walilazimisha watu walime pamba, watu wakaing'oa, vita vikawaka kuanzia milima hiyohiyo na kuenea nchi nzima. Askari walipoona hawawapati watu, walichoma maghala. Watu wakakaa mapangoni wakichimba ming'oko, mizizi ya porini, na wengi hawakutoka.

Mzee mmoja tuliyekuwa naye garini alidakia kwamba waliong'oa pamba wa kwanza walikuwa ukoo wake. Mwingine akasema si kweli, ni wa kwao. Wakabishana kama waliokuwepo. Mama aliwasikiliza, halafu akaniambia mimi tu, taratibu, kwamba kwao hawakujisifu kwa kung'oa pamba. Vita vilipokwisha walikuwa na njaa, wamisionari wakaja na mahindi, na babu yake akabatizwa siku aliyopewa debe la mahindi. Mtoto wa huyo aliyebatizwa kwa njaa ndiye akawa katekista mkali kuliko mapadri.

Alisema hivyo bila hasira. Sababu ya hasira niliiona baadaye, na hasira yenyewe ilikuwa yangu.

Nandumbo

Tulipotokea kwenye mgongo wa mwisho dereva alisema ndiyo Nandumbo ile. Mama alitazama, akasema siyo. Bondeni kulikuwa na mistari ya nyumba za bati, iliyonyooka kama matuta, na mnara wa simu. Miteremko mingi ilikuwa mitupu. Dereva, kijana mstaarabu, alimweleza kwamba watu walishushwa bondeni zamani, wakati wa vijiji vya ujamaa, na misitu ya juu imekatwa kupanda ufuta. Mto ulikuwa mfereji wa matope. Mama aliendelea kutikisa kichwa mpaka gari lilipokunja kona na likaonekana kanisa la matofali ya kuchoma. Hapo akaacha.

Restituta alikuwa uani anapepeta mpunga. Ni mwanamke mwembamba, mrefu kama mama alivyokuwa zamani, na nilimjua kwa paji la uso kabla hatujauliza. Nilipiga hodi nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anamtazama mama. Aliendelea kuushika ungo. Mama akamwambia maneno mengi kwa Kimatumbi, ambacho mimi sikijui. Nyumbani kwetu hakuwa na wa kuzungumza naye lugha hiyo, kwa hiyo hakutufundisha. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kitoto karibu.

Restituta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa Kiswahili.

"Karibuni wageni."

Alitutandikia mkeka. Akachukua kuku, lakini hakumchinja. Alimwita jirani Mwislamu aje amchinje, kwa heshima yetu, na watu wote wa njia ile wakajua kwamba kwa Mama Deo wamefika wageni Waislamu. Mwanawe Deo, mtu mzima mwenye mke na watoto, alirudi kutoka shambani akauliza hawa ni kina nani. Mama yake akamwambia ni wageni wa kutoka Lindi. Mama alikuwa anakunywa uji, na alikinywa kikombe chote kabla ya kukiweka chini. Nilitaka kusema. Akanigusa goti ninyamaze.

Makaburini

Asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito, mama aliomba kupelekwa kwenye kaburi la mke wa katekista. Restituta alisema ana kazi, akamtuma Deo. Yule bwana hakujua kitu. Alimshika mama mkono njia nzima, akamwonyesha pa kukanyaga, akawa anamweleza habari za mji kama anavyoelezwa mgeni.

Makaburi yako nyuma ya kanisa. La bibi yangu limejengwa kwa saruji, na ubavuni pake kuna lingine limejengwa vilevile, la saruji ileile. Deo alisema amejenga yote mawili mwenyewe, maana ya mwanzo yalikuwa na misalaba ya miti ikaliwa na mchwa.

"Huyu ni bibi," alisema. "Na huyu ni mama mkubwa, dada yake mama. Alifia Lindi akiwa msichana. Maiti haikupatikana, babu akakata mgomba, akauviringisha kanga yake, akamzika. Watu walikaa matanga yote, wakanyoa."

Msalaba ulikuwa umeandikwa THEODORA BONIFASI. Mwaka aliofariki ndio mwaka aliozaliwa kaka yangu mkubwa.

Mama anajua kusoma, alisoma kwa wamisionari hapohapo. Alisoma akiwa amesimama, halafu akatafuta pa kukaa, akakaa ukingoni mwa lile kaburi lenyewe kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Deo alimwambia kwa upole kwamba hapo hapakaliwi, bibi.

"Mimi ndiye huyu," mama alimwambia.

Deo alinitazama mimi, nadhani alitaka nimwambie kwamba bibi ana maradhi ya kusahau. Nikamwambia ni kweli, ndiye. Akavua kofia, akapiga goti mbele yake akamwamkia upya. Katika safari nzima, kwenye ukoo ule, huyo ndiye mtu aliyemwamkia mama yangu akijua ni nani. Mama alimwitikia, akamuuliza kama bibi yake alipokuwa hai alikuwa akija hapa. Deo akasema alikuja kila Jumapili baada ya misa, na kwamba alipalilia kaburi hili kwa mikono yake mpaka alipougua.

Barazani

Tuliporudi tukakuta watu. Deo hakuwa amemwambia mtu, lakini mama yake alikuwa amekwishaita ukoo tangu alfajiri. Walikuwepo shemeji zake Restituta, na mwenyekiti wa kitongoji, na mzee mmoja wa upande wa babu aliyekaa kwenye kiti cha peke yake. Tulipewa mkeka. Mimi nilidhani wamekuja kumpokea. Nilifikia hata kutengeneza mtandio wa mama ukae vizuri.

Mzee yule aliuliza, bila kumtaja jina, mgeni amekuja kwa shida gani. Mama akasema amekuja kumwona mama yake na mdogo wake. Mzee akasema hilo wamelisikia, wanauliza shida. Mama akarudia. Shemeji mmoja akasema mtu mwenye miguu ile hasafiri masika kuja kutazama kaburi. Ndipo nikaelewa. Mteremko wa machungwa ulibaki kwa Restituta kwa sababu ndiye mtoto pekee aliyebaki hai, na Deo alikuwa ameshajenga huko na kupanda upya. Waliona tumefuata shamba.

Niliwaambia wanakosea. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Mama alinikatiza, akamgeukia Restituta, akamuuliza swali moja tu: zile salamu alizokuwa akituma, zilikuwa zikifika?

Restituta alikuwa akitazama mkeka. "Zilifika zote," alisema. "Baba alikuwa anasema maiti haitumi salamu."

Mama akavuta pumzi, akajiegemeza mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani.

"Sikilizeni nyote. Theodora mlimzika wenyewe, na aliyezikwa harithi. Mimi ni Mwanahawa wa Lindi. Sina shamba hapa, wala wanangu hawana."

Mwenyekiti akauliza kama wote wamesikia, wote wakasema wamesikia. Mzee akashukuru. Pale pale wakapoa, wakaanza kucheka, wakaagiza soda. Tuliletewa soda, ndugu zangu. Shemeji yule aliyetaja miguu alimfungulia mama chupa kwa meno, akamkaribisha kama aliyefika dakika ile. Nilishindwa kuinywa yangu. Mama alikunywa yake.

Alipoimaliza aliomba kitu kimoja. Aliomba lile jina lifutwe kwenye msalaba. Mzee akaanza kusema mambo ya kanisani yanahitaji paroko, lakini Restituta alimkata.

"Mama alisema azikwe pale kwa sababu alijua hakuna mtu mle," alimwambia mama. "Alisema ndipo atakapokungoja. Mimi nikilifuta jina, nitakuwa nimemlaza na nani?"

Mama hakuliomba tena.

Kushuka

Tuliondoka kesho yake kwa landkruza ileile. Deo alimbeba mama mpaka ndani ya gari, akaweka gunia la machungwa chini ya miguu yake. Dereva alikuwa anangoja abiria wajae, na wakati huo Restituta akaja kwa njia ya zahanati, peke yake, amejifunga kanga mabegani kwa baridi. Nilidhani ataagana nasi akiwa nje. Aliingia garini, akakaa kando ya mama.

Walizungumza kwa Kimatumbi mpaka gari likajaa. Mimi nilikuwa nyuma yao na sikuelewa neno. Hawakulia, hawakushikana mikono. Restituta aliuliza, mama akajibu, kisha akauliza tena. Mara moja aliinama akalisogeza gunia ili mguu wa kushoto upate nafasi. Dereva alipowasha gari akashuka, akasimama pembeni mpaka tukaanza kupanda mlima.

Mnaniuliza kama walipatana. Sijui. Simu yake tunayo, Deo alinipa, na mpaka leo hakuna aliyepiga upande wowote. Msalaba uko palepale, na mwenye jina lake yuko hapa Rasbura anakanda miguu.

Tulipofika juu, mahali ambapo bonde lote linaonekana, nilimuuliza mama walikuwa wanazungumza nini.

"Ameniuliza miguu ilianza kuvimba lini," alisema.

"Basi?"

"Na kama natumia dawa."

Nilimwambia kwamba baada ya umri wote ule, na baada ya yale ya jana barazani, angeweza kumuuliza jambo lenye maana kuliko miguu. Mama hakugeuka kunitazama. Alikuwa anatazama bonde.

"Ulitaka aniulize nini, Zuhura? Mengine yote alikuwa anayajua."